Mchezo wa chapati: tengeneza mwenyewe mchezo wa kompyuta wa kulinganisha sehemu

Waulize wanafunzi wako: kati ya 1/6 na 1/8, ipi kubwa? Wako watakaojibu 1/8, kwa kuwa 8 inazidi 6. Kosa hilo ndilo litakalotupa mchezo. Mwalimu akikimbilia kompyuta kabla ya kujua anatibu kosa gani, atapata kitu kinachong'aa ukutani na watoto watatoka walivyoingia.

Hatua ya 1: Tafuta kosa. Pitia madaftari ya wiki iliyopita, chagua kosa moja tu.

Hatua ya 2: Cheza kwa karatasi. Kata kadi, andika sehemu zenye kiasi (namba ya juu) 1 na asili (namba ya chini) kuanzia 2 hadi 12. Wawili wawili wafunue kadi, mwenye sehemu kubwa achukue zote mbili. Nilipojaribu darasani kwangu, wawili walishikana ubishi mpaka kengele ikalia, kwa sababu kadi haimwonyeshi mtu kwa nini amekosea. Hapo nikajua kompyuta ina kazi gani: kukata chapati mbele ya macho yao. Kama somo lako linatosheka na karatasi, baki na karatasi.

Hatua ya 3: Pakua Scratch. Ni programu ya bure ya kutengenezea michezo, iliyotolewa na MIT Media Lab ya Marekani mwaka 2007. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na lugha unaweza kuiweka Kiswahili. Amri zake ni matofali ya rangi unayoyapachika moja chini ya jingine.

Hatua ya 4: Jenga. Hapa usiwe na haraka.

Unda vigeu viwili, yaani visanduku vya kutunzia namba, "kushoto" na "kulia". Bendera ya kijani, ile ya kuanzisha mchezo, ikibofywa, kila kimoja kipewe namba yoyote kati ya 2 na 12. Zikilingana, zichaguliwe upya. Mhusika, yaani picha inayofuata amri zako, aulize kwa maandishi, mfano "1/6 au 1/8?"

Kisha bofya kitufe cha kona ya chini kushoto, ongeza Kalamu. Usichore chapati kwa mkono, maana moja ikizidi nyingine mchezo unafundisha uongo. Weka unene wa kalamu 160, mpeleke mhusika upande wa kushoto wa jukwaa, ashushe kalamu na kuiinua. Nukta hiyo nene ndiyo chapati. Fanya vivyo hivyo kulia, nazo zitatoshana kabisa.

Visu vinasubiri jibu. Mwanafunzi akibonyeza mshale wa kushoto au wa kulia, badili rangi, punguza unene uwe 3, mhusika arudi katikati ya chapati ya kushoto na kushusha kalamu. Arudie mara nyingi kama namba ya "kushoto": asogee 80, asogee -80, ageuke digrii 360 gawanya kwa "kushoto". Kwa 6 atageuka digrii 60, kwa 8 digrii 45. Ainue kalamu, ahamie kulia, arudie kwa namba ya "kulia".

Chapati ikatwe hata jibu likiwa sahihi. Aliyebahatisha naye anahitaji kuona.

Alama iongezwe kwa mshale wa kushoto pale "kushoto" inapokuwa *ndogo* kuliko "kulia", na kwa mshale wa kulia kinyume chake. Ni rahisi kugeuza hapa, kwa hiyo jaribu kwanza kwa 2 na 12.

Hatua ya 5: Darasani. Kompyuta mpakato moja na projekta vinatosha. Gawa makundi, mbonyezaji abadilike kila zamu, na kundi litaje sababu yake kabla ya kubonyeza. Saa ya kuhesabu sekunde usiiweke: inawapa ushindi wenye mbio, na anayefikiri polepole ananyamaza. Mtoto akisema "asili ikikua kipande kinapungua", yaandike maneno yake ubaoni kama alivyoyasema.

Hifadhi faili, lile linaloishia na .sb3, kwenye flashi. Kadi zako ziweke mezani, umeme ukikatika mchezo uendelee.