Ajali ya kinu cha nyuklia: mionzi inakoelekea na la kufanya saa za mwanzo

Usipime hatari kwa umbali pekee. Chembe zenye mionzi hufuata upepo, na mvua ikizikuta njiani huziangusha ardhini. Huko Fukushima, Japani, Machi 2011, kijiji cha Iitate, takribani kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa mtambo, kilichafuka kuliko sehemu nyingi zilizokuwa karibu zaidi.

Ukiambiwa ubaki ndani, funga madirisha, zima feni na viyoyozi vinavyovuta hewa ya nje, kisha kaa chumba cha katikati, mbali na paa na kuta za nje. Usikurupuke na gari: ukinaswa kwenye foleni wingu la chembe hizo likipita, bati la gari halikukingi kama ukuta wa zege.

Aliyekuwa nje avue nguo za juu mlangoni, taratibu, bila kuzikung'uta. Shati lisilo na vifungo ni afadhali likatwe kwa mkasi kuliko kupitishwa usoni. Kuvua nguo za juu pekee kwaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu. Nguo hizo zifunge kwenye mfuko, ziweke mbali na watu. Oga kwa maji vuguvugu na sabuni, usijisugue hadi kuchubuka. Nywele ni shampuu tu. Kondishena hugandisha chembe kwenye nywele.

Vidonge vya potasiamu iodidi, miligramu 130 kwa mtu mzima, hukinga tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, basi. Siziamu, kemikali nyingine yenye mionzi, havigusi. Vimeze pale tu mamlaka zikielekeza. Chumvi yenye madini joto si mbadala. Iodini-131 hupungua nusu kila siku 8, siziamu-137 kila miaka 30 hivi, ndiyo maana maziwa, ambayo iodini huyafikia kupitia majani yanayoliwa na ng'ombe, huangaliwa wiki za kwanza na udongo kwa miongo.