Namna ya kubishana kuhusu matawi ya metali bila kununiana

Kabla hujabishana na mtu kuhusu metali (hevi metali, ule muziki wa magitaa mazito) muulize kwanza, tunabishania nini hasa? Naongea kwa uzoefu. Nishawahi kukaa geto kwa mshkaji kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri inaadhiniwa, mimi nimeng'ang'ana kwamba albamu ya Metallica ya 1991, ile ya kava jeusi, ndo trashi yenyewe, lile tawi la metali la kasi na hasira, mbona kila mtu anaijua, mwenzangu anatingisha kichwa tu. Mwisho wala hakunijibu, akaweka Bonded by Blood ya Exodus kuanzia wimbo wa kwanza, akaongeza sauti mpaka spika ikaanza kukwaruza, na dakika mbili hazijaisha nikajua nimekwisha. Kumbe usiku kucha yeye anaongelea albamu inayokuonyesha trashi ni kitu gani, mimi naongelea albamu iliyouza.

Kwa hiyo elewa hivi, ukisikia "albamu bora ya tawi fulani" hapo kuna maswali matatu yamejibanza kwenye shati moja. Nani alianza? Nani aliweka kipimo ambacho wengine wote wakaja kukiiga? Na ipi tamu masikioni mwako wewe? La tatu mtakesha bure, utamu hauna hakimu. La kwanza linamalizwa na tarehe, dakika tano mmeshafunga. Ubishi mtamu uko kwenye la pili, na hapo mi natumia kipimo kimoja tu, hesabu watoto, yaani bendi zilizokuja kuiiga. Albamu iliyofafanua tawi ni ile yenye watoto wengi wanaofanana na mama yao.

Halafu ili umjue mtoto ni wa nani inabidi usikilize, usiangalie. Wengi wanaamua tawi kwa kava, kwa nywele, kwa rangi ya uso na misalaba ya kichwa chini, achana na hayo. Sikiliza mkono wa kulia wa mpiga gitaa, miguu ya mpiga dramu, na koo la mwimbaji, basi. Kwenye trashi kiganja kinalalia nyuzi ili zisivume huku pikki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, inachapa chini chini chini kwa kasi, inatoka sauti kavu kama cherehani, na mwimbaji anafoka lakini maneno unayapata. Dethi metali gitaa limelegezwa, dramu za miguu miwili hazipumziki, koo linanguruma kutoka tumboni. Blaki metali nyuzi zinaachwa zivume na mkono unatetemeka bila kukata, sauti ya mwimbaji inakwaruza kama paka kabanwa na mlango, na saundi nzima wameifanya nyembamba makusudi. Dumu metali (siyo dumu la maji jamani) ni polepole na nzito, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya simenti. Pawa metali ni ile ya kuimba juu kabisa na kibwagizo unachoweza kuimba na wenzako, hapo weka Helloween na Keeper of the Seven Keys za 1987 na 1988 mwendelee na mengine, sioni hata cha kubishania.

Ukiulizwa uzito wote huo ulianzia wapi usianze na falsafa, anza na kiwanda. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, kijana wa Birmingham kule Uingereza, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mabati na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na jamaa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatika ndo vile vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na kufikia Master of Reality ya 1971 alishalilegeza gitaa nyuzi zilainike, ndo ikatoka ile sauti nene. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970, waliirekodi kwa siku kama moja hivi. Sasa mtu akikwambia hevi metali ilianza na bendi fulani nyingine we mwambie sawa mzee, ila watoto wa hiyo bendi wako wapi? Wa Sabbath tunawajua, dumu metali nzima imetoka kwenye mfuko ule, ukisikiliza Epicus Doomicus Metallicus ya Candlemass ya 1986 unamsikia babu kabisa, ila mjukuu amevaa suti ya kanisani.

Turudi kwenye trashi maana ndo inayovunja urafiki. Mezani zinawekwa albamu tatu nne. Kill 'Em All ya Metallica, Julai 1983, hiyo ina tarehe, swali la kwanza imelichukua. Master of Puppets ya 1986 ndo ya wakubwa, hata Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza mwaka 2016 kwenye kumbukumbu zake za sauti, na mtu akikutolea hiyo kama ushahidi mshukuru kisha endelea, maana maktaba inasema albamu ni muhimu, haisemi ndo kipimo cha trashi. Mi naipenda kuliko zote hizi, lakini ina nyimbo za dakika nane, ina sehemu za polepole zinazokaribia kubembeleza, mgeni asiyejua trashi ukimpa hiyo atadhani trashi ni muziki wa kutafakari.

Reign in Blood ya Slayer, Oktoba 1986, dakika 29 hivi nyimbo kumi, hapo wengi wanasema mjadala umefungwa. Mi ndo nawaambia hesabuni watoto tena, maana wengi wake wamekulia nyumba ya jirani. Watu wa dethi metali ndo waliochukua ile kasi ya Dave Lombardo, mpiga dramu wa Slayer, na zile rifu (vipande vya gitaa vinavyojirudia) zinazojipinda wakaenda nazo kwao. Ndo maana siku hizi naitetea Bonded by Blood, ile ile iliyoniaibisha, kwa sababu ni trashi na hamna kingine humo ndani, hata wimbo mmoja wa kupumzika. Mpinzani mwenye akili atakurushia kwamba ilitoka 1985 wakati Ride the Lightning ya Metallica ilitoka 1984. Jibu unalo, iliyochelewa ni kutoka, kurekodi walirekodi 1984. Na hii ishu ya tarehe ya kurekodi na tarehe ya kutoka iweke mfukoni, itakuokoa mara nyingi.

Mtego mwingine ni majina. Venom wa Newcastle walitoa albamu mwaka 1982 wakaiita Black Metal kabisa, kwa hiyo mtu anapiga meza, si imeandikwa hapo? Jina limetoka pale kweli, ila iweke halafu ufuatishe Transilvanian Hunger ya 1994 ya Darkthrone wa Norwe, ile ambayo Fenriz wa bendi hiyo alipiga vyombo vyote mwenyewe na kurekodi kwa mashine ndogo ya treki nne tu. Venom utasikia bendi ya baa imelewa inakimbia kuliko uwezo wake, Darkthrone utasikia kama upepo unapita kwenye tundu la mlango, rifu moja inajirudia mpaka unasahau imeanza lini. Wanaojirekodi chumbani leo wakajiita blaki metali wengi wanaiga hiyo ya pili. Kwa hiyo Venom alitoa jina, ila sura watoto wamechukua Norwe.

Dethi metali ni hivyo hivyo. Possessed wa maeneo ya San Francisco wana Seven Churches ya 1985 na wimbo wa mwisho unaitwa Death Metal, tarehe wanayo na jina wanalo. Scream Bloody Gore ya bendi inayoitwa Death ikaja 1987, Chuck Schuldiner anapiga gitaa, besi na kuimba, dramu kamwachia Chris Reifert. Mi hapa naenda na Chuck, maana Possessed ukiwasikiliza vizuri bado ni trashi yenye koo bovu, mguu mmoja haujatoka nyumbani. Ila ukikutana na mtu wa Swidi jiandae, yeye atakuletea Left Hand Path ya 1990 ya Entombed wa kwao na ile pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, Boss HM-2, iliyozungushwa nobu zote mpaka mwisho, gitaa linanguruma kama msumeno wa kukatia magogo, na kusema ukweli hapo sijawahi kushinda, nabadilisha mada.

Adabu za ubishi ni chache. Mwache mpinzani achague wimbo mmoja wa albamu yake na wewe chagua mmoja wa yako, usimchagulie mbovu. Kaa kimya wimbo ukiwa unaendelea. Na usiseme "hiyo siyo metali" mpaka umesikiliza yote, hilo neno ndo linaloleta kununiana.

Mi mwenyewe napambana na neno hilo sasa hivi. Kuna albamu ya 2020 inaitwa Duma, ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, imetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma hapo ni giza kwa Kikuyu, siyo yule mnyama wa mbio. Dramu ni za mashine, zinapiga kasi ambayo miguu ya binadamu haifiki, gitaa limezama kwenye kelele, mwimbaji anapiga mayowe kama nyumba inaungua. Mi naiweka graindikoo, tawi la metali la kasi na kelele kupita kiasi, ukoo wa Scum ya Napalm Death ya 1987, mshkaji wangu wa ile geto anasema hamna kitu hapo, ni kelele za kompyuta tu. Nimemwomba asikilize mpaka mwisho, amekubali, tunakutana Ijumaa na safari hii spika naleta mimi.