Jinsi ya Kupanga Siku ya Mafunzo ya Haraka ya Urubani ukiwa Kisumu

Katika mafunzo ya haraka ya urubani, mwanafunzi huweka kando kazi na shughuli nyingine, akaruka karibu kila siku mpaka apate leseni ya rubani binafsi, badala ya kuruka mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima au zaidi. Faida yake kubwa ni mfululizo: alichojifunza Jumatatu bado kimo mikononi mwake Jumanne, wala hatumii nusu saa ya ndege aliyoilipia kukumbuka alichokisahau. Hata hivyo, mfululizo huo huvunjika upesi huku magharibi mwa Kenya ikiwa siku haikupangwa kwa kufuata hewa, ambayo kwa kawaida ni tulivu asubuhi na kali alasiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayeruka kutoka Kisumu, ingawa aliye Eldoret au Kitale atakuta mengi yanamhusu.

Kuna mambo mawili yanayopasa kumalizwa kabla ya siku ya kwanza. La kwanza ni cheti cha afya kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Leseni ya rubani binafsi huhitaji cheti cha daraja la pili, lakini anayekusudia kuwa rubani wa biashara apimwe mapema kwa daraja la kwanza, ili kama kuna kasoro ya macho au ya moyo aijue kabla hajatumia fedha nyingi. La pili ni nadharia. Mwanafunzi anayeanza kuruka akiwa hajasoma sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa njia na kanuni za urukaji atajikuta akisoma usiku wa manane na kuruka alfajiri, na mwili hauwezi mambo hayo mawili kwa muda mrefu. Ni afadhali aahirishe mwezi mmoja amalize angalau theluthi mbili ya masomo hayo nyumbani.

Hesabu za muda zinahitaji uangalifu, kwa sababu ndizo zinazowadanganya wengi. Kiwango cha chini cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, zikiwemo saa zisizopungua 10 za kuruka peke yako. Ukiruka mara mbili kwa siku, kila safari ikiwa ya saa moja au zaidi kidogo, kwa siku tano za juma, utapata takriban saa 10, na kwenye karatasi mafunzo yatakwisha kwa majuma manne. Kwa kweli ni vyema kutenga majuma sita hadi manane. Mvua itachukua siku zake, na ndege nayo itaingia karakana: ndege ndogo za mafunzo hukaguliwa baada ya kila saa 50 au 100 za kuruka, na wanafunzi wanne wanaoruka saa mbili kila mmoja kwa siku huzimaliza saa 50 ndani ya siku saba. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza shule, hata kabla ya bei, ni ina ndege ngapi zinazoruka na wakufunzi wangapi wa kudumu. Shule yenye ndege moja haiwezi kukuahidi mwendo wa haraka, hata ikiwa na nia njema kiasi gani.

Siku yenyewe huanza saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili uwe uwanjani, kabla jua halijachomoza, ukisoma ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, utabiri wa saa zijazo na matangazo kwa marubani. Saa zote katika ripoti hizo huandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu, hivyo ripoti iliyoandikwa 0400 ni ya saa moja asubuhi. Baada ya hapo huja ukaguzi wa ndege: kutoa mafuta kidogo kwenye matangi ili kuona kama yana maji, kupima oili, kutazama matairi, mabawa, usukani wa mkia na tundu la kipimo cha kasi, ambalo wadudu hulipenda sana. Ukaguzi huo usifanywe kwa haraka hata siku ambayo mkufunzi anaangalia saa yake.

Safari ya kwanza ianze saa moja asubuhi, ikitanguliwa na mazungumzo ya dakika kumi na tano ambapo mkufunzi anaeleza zoezi moja au mawili tu ya siku hiyo. Ukitua, kaeni chini mjadili yaliyotokea kabla hujagusa simu, kisha uyaandike kwa maneno yako mwenyewe. Hapo ndipo kifungua kinywa kinapofaa: uji, yai, ndizi, na maji ya kutosha, kwa kuwa joto la Kisumu ndani ya chumba kidogo cha ndege hukausha mwili bila mtu kujua. Safari ya pili ianze saa tatu na nusu, na ikimalizika kabla ya saa tano mwanafunzi ashukuru. Safari ya tatu siishauri, isipokuwa katika siku za mwisho za kurudia mazoezi, kwa sababu mara nyingi yanayofanywa katika saa ya tatu ni makosa ya uchovu, na saa hiyo hulipiwa sawa na zile mbili.

Sababu ya kubana kila kitu asubuhi ni ya kifizikia. Uwanja wa Kisumu uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo joto la kiwango linalotumika katika hesabu za ndege ni takriban nyuzi 7.5 za Selsiasi. Mchana joto likifika nyuzi 30, na kila nyuzi moja ya ziada ikihesabiwa kama futi 120, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hupaa kana kwamba iko karibu futi 6,500. Eldoret, kwenye mwinuko wa takriban futi 7,000, siku ya nyuzi 25 hesabu hiyo hukaribia futi 10,000, na ndege yenye injini ndogo iliyobeba watu wawili wazito na matangi yaliyojaa hutambaa kama konokono. Hesabu hii ifanyike kila siku kwa mkono, kwa kutumia majedwali ya kitabu cha ndege, hadi iwe mazoea.

Upepo nao hufuata saa. Alfajiri huwa mdogo, lakini nchi kavu ikishapata joto, upepo wa ziwani huingia kutoka Ghuba ya Winam, ukaongeza mtikisiko na pengine ukageuza mwelekeo wa kupaa. Unyevu huo ukisukumwa kwenye miinuko ya Nandi na Kericho hupanda na kuzaa mawingu ya radi alasiri, nao wakulima wa chai wa huko wanaifahamu vizuri mvua yake ya mawe. Usiku mambo hugeuka, na radi hupiga ziwani, mara nyingine hadi kunakucha. Ukiikuta asubuhi ya namna hiyo, usiingoje kwa kunung'unika: badilisha ratiba papo hapo, masomo ya mchana wa leo uyasome asubuhi hii, na umwombe mkufunzi nafasi baadaye hali ikitulia.

Alasiri ni ya darasani na ya mazoezi ya ardhini. Baada ya chakula cha mchana lala nusu saa, halafu kuanzia saa nane hadi saa kumi soma nadharia. Jioni keti kwenye kiti cha kawaida ukiwa na picha ya dashibodi mbele yako, uruke safari ya kesho kwa sauti: mkono uende pale swichi ilipo, na kinywa kitamke maneno ya redio. Zoezi hili halina gharama, nami naliona bora kuliko saa moja zaidi angani, hasa kwa mawasiliano, kwa kuwa mnara wa Kisumu huhudumia ndege za abiria na hauna muda wa kungoja mwanafunzi atafute maneno. Saa tatu usiku kitabu kifungwe.

Juma la kwanza ni la kuruka kwa mstari ulionyooka, kupanda, kushuka, kugeuka na kuruka taratibu. La pili na la tatu ni la kuzunguka uwanja na kutua, na hapa ndipo wengi hukwama: jana ulitua vyema, leo kila mguso ni kishindo. Kukwama huko ni kwa kawaida kwa siku mbili tatu. Kosa lile lile likiendelea siku ya nne, usiongeze safari, bali pumzika siku nzima au fanya zoezi jingine kabisa. Jumapili isiwe ya kuruka kwa vyovyote. Siku ya kuruka peke yako isiwekewe tarehe wala isilinganishwe na ya mwenzako.

Baadaye huja safari ya mbali ya peke yako, ambayo isipungue kilomita 270, na kutua kikamilifu katika viwanja viwili tofauti. Wanaoruka kutoka Kisumu huvutiwa na pembetatu ya Eldoret na Kitale, lakini jumla yake inakaribia mno kikomo chenyewe, kwa hiyo ipimwe kwa rula juu ya ramani, na ikihitajika kiongezwe kituo cha kupindia njiani. Ondoka saa moja asubuhi ili uwe umeshaiacha miinuko kabla ya saa sita, na ukubaliane na mkufunzi kwa maandishi ni mawingu gani yatakufanya ugeuze.

Siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho punguza hadi safari moja fupi kwa siku. Muda unaobaki utumie kukagua daftari la rubani pamoja na mkufunzi, ukijumlisha upya saa za kuruka na mkufunzi, za peke yako na za safari za mbali, kwa sababu jumla iliyopungua hata kwa dakika chache inaweza kuahirisha mtihani hadi mtahini apate nafasi nyingine.