Kabla hujafungulia turbini mvuke, anza na separeta

Olkaria kule Naivasha wanazalisha umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981, walianza na turbini ya megawati 15, na bado kuna watu wanadhani kisima kinatoa mvuke mkavu unaoingia moja kwa moja kwenye turbini. Sivyo. Visima vingi vinatoa mvuke uliochanganyika na maji ya moto yenye chumvi na silika (madini yanayoganda kama mawe), kwa hiyo separeta, yaani chombo cha kutenganisha mvuke na maji, inauzungusha mchanganyiko huo kwa kasi, maji yanabanwa ukutani yanashuka, mvuke unaendelea. Na hapa hakuna hatua ya kuupasha tena kama kwenye mitambo ya nyuklia, mfano Koeberg ya Afrika Kusini, kwa hiyo separeta ikizingua turbini ndo inaumia.

Cha kwanza kabisa angalia levo ya maji ndani ya separeta. Usiamini skrini peke yake, tuma mtu akasome geji pale pale kwenye separeta huku mnasomeana namba kwa redio, zikipishana simamisha kazi mpaka ijulikane ipi ni ya kweli. Vali ya kutolea maji ifunguliwe na kufungwa mpaka mwisho, maana silika huganda humo ndani vali ikakwama katikati. Levo ikipanda mvuke unabeba matone, yakifika kwenye nozeli, yaani vijia vyembamba vinavyoelekeza mvuke kwenye turbini, yanakauka silika inabaki, njia inazidi kuwa nyembamba na megawati zinashuka taratibu. Ndo maana sampuli ya mvuke ni lazima, pimeni silika na kloraidi.

Bomba la mvuke likiwa limepoa fungua dreni zote, yaani vitoleo vya maji vya chini ya bomba, pitisha mvuke kidogo kidogo mpaka dreni zitoe mvuke mtupu, ukiharakisha maji yaliyolala chini yanasukumwa kwa kishindo yanagonga kona na vishikizo vya bomba vinaweza kung'oka. Bosi akipiga simu mbona hamjaingia kwenye gridi, mjibuni kwa heshima, ila bado ni bado.

Visima ingiza kimoja kimoja, subiri presha itulie. Vali za kutoa mvuke wa ziada hewani zijaribiwe pia, turbini ikitripu, yaani ikijizima ghafla, mvuke lazima upate pa kwenda.

Na kila anayeenda kwenye separeta au visimani avae kipima gesi. Hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayotoka na mvuke, inanuka yai viza, lakini ikizidi pua inakufa ganzi husikii chochote, kwa hiyo mtu asiende peke yake hata kama ni kusoma geji tu.