Somo: Kupasha kiporo kwenye maikrowevu kipate moto sawasawa

Wengi wetu tumewahi kutoa sahani ya wali na maharage inayofuka pembeni, kisha tonge la pili likatufikia kinywani likiwa baridi kama lilivyotoka jokofuni. Si lazima mashine iwe mbovu. Mawimbi yake, ambayo katika maikrowevu za nyumbani yana urefu wa sentimita 12 hivi, hugonga kuta za chuma yakarudi na kupishana, hivyo mahali pengine huwa pakali na pengine hafifu. Tena hupenya chakula kwa sentimita chache tu, na katikati ya bonge hungoja joto litambae kutoka nje.

Kwanza, vunja mabonge. Usiupakue wali kama kichuguu, bali utandaze na uache shimo katikati, na minofu minene uisogeze ukingoni.

Pili, nyunyiza kijiko kimoja au viwili vya maji, kisha funika huku ukiacha upenyo wa mvuke.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunapoharibu kwa haraka zetu, punguza nguvu hadi nusu. Katika mashine nyingi, nusu maana yake ni kufanya kazi kwa nguvu zote, kisha kupumzika, kisha kuanza tena. Ukitega sikio utausikia mvumo ukibadilika. Katika mapumziko hayo joto husambaa. Baada ya dakika moja na nusu, koroga ukileta cha pembeni katikati na cha katikati pembeni, kisha rudisha kwa muda kama huo. Bakuli dogo liweke kando ya kitovu cha sahani inayozunguka, kwa kuwa likikaa katikati kabisa litajizungusha palepale.

Nne, kiache dakika mbili kikiwa kimefunikwa. Mwenye kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 74 za Selsiasi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona ugali wangu hugeuka jiwe?*
Umekaukiwa maji. Ukate vipande vya unene wa kidole na uufunike kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Binafsi, kiporo cha ugali nakipenda zaidi kikiokwa juu ya mkaa, lakini hilo ni somo jingine.

*Nyama iliyoganda huiva pembeni ilhali ndani bado ni barafu. Nifanyeje?*
Barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji, kwa hiyo sehemu iliyotangulia kuyeyuka huzidi kuchemka na kuiacha nyingine nyuma. Tumia kitufe cha kuyeyusha, geuza nyama mara kwa mara, na uipike papo hapo.

*Wali uliolala mezani usiku kucha, nikiupasha sana si utakuwa salama?*
Hapana, ndugu yangu. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kuacha humo sumu isiyoharibiwa na moto wa kupasha, hata wali uchemke namna gani. Huo umwage, na wa leo uuweke jokofuni ndani ya saa moja au mbili baada ya kuiva.