Tumbo limejaa, mgongo umechongoka: kondoo anapokula asinufaike

Kondoo anayelishwa mabua matupu huwadanganya watu. Ukimtazama ubavuni unasema ameshiba, tumbo limetuna. Sasa pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho. Ukihisi pingili za mifupa zikichoma chini ya sufu, huyo ana njaa, hata kama hori bado limejaa.

Mabua hayasagwi na kondoo mwenyewe. Huvunjwavunjwa na bakteria na vijidudu wengine walioko kwenye tumbo kuu, nao wanataka protini ili wazaliane. Wakiikosa, mabua hukaa humo siku nyingi, na kondoo hawezi kula zaidi kwa kuwa nafasi haipo. Protini ikiwa chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu wa chakula, kazi yao huzorota, na mabua mengi ya nafaka hayafiki hapo.

Wengi wakiona mnyama amekonda hukimbilia mahindi. Ni kosa. Wanga wa nafaka huchachuka upesi na kutoa asidi. pH ya tumbo kuu, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 6, bakteria wanaovunja nyuzinyuzi za mabua ndio wa kwanza kulemewa, kwa hiyo umeongeza gharama na mabua yanasagwa kidogo kuliko mwanzo. Nafaka nyingi ya ghafla ni hatari zaidi: kondoo huacha kucheua, huharisha, na anaweza kufa.

Anza na protini. Kondoo wa kilo 30 hula takriban kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Tuseme mabua yako yana protini asilimia 4. Toa robo, yaani gramu 250, uweke majani makavu ya jamii ya mikunde yenye asilimia 20, na mlo mzima unafika asilimia 8. Lusani (alfalfa) inafaa, majani ya karanga pia, au mashudu ya alizeti kwa kiasi kidogo zaidi. Lusina, mti wa jamii ya mikunde, nayo ni nzuri, ila isizidi theluthi ya mlo, maana ina sumu inayoweza kunyonyoa sufu. Kausha majani kivulini na uyashike taratibu. Yakipukutika njiani utabaki na vijiti, na protini iko kwenye jani.

Protini ikishakaa sawa, nafaka ina nafasi yake, hasa kwa jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha. Igawe asubuhi na jioni, uipandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Usijisumbue kuisaga: kondoo hutafuna punje nzima vizuri, na unga ndio unaochachuka haraka kupita kiasi. Mabua nayo katakata tu. Yakiwa vumbi, kondoo hatafuni vya kutosha, mate hupungua, na mate ndiyo yanayopoza asidi.

Kila asubuhi, kabla ya kufagia zizi, angalia kinyesi. Vidonge vikavu, vigumu, ukivipasua vimejaa vipande virefu vya mabua: ongeza majani ya mikunde, na hakikisha maji yapo. Kikiwa kama uji na kinanuka uchachu, ondoa nafaka siku hiyohiyo, mpe majani makavu peke yake, na asiyecheua kufikia mchana muite mtaalamu wa mifugo.