Geuza Jani Kabla ya Kushika Dawa: Wadudu Waharibifu Katika Bustani ya Nyumbani

Kila anayeniuliza anyunyize dawa gani, namrudishia swali: umemwona mdudu mwenyewe? Mara nyingi hajamwona. Ameona majani yamejikunja au yametoboka, akakimbilia dawa. Geuza jani kwanza. Wadudu wengi hukaa upande wa chini, kwenye kivuli, wamejipanga kando ya mshipa wa katikati. Mimi hukagua asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha.

Unachotafuta ni kujua kama mdudu wako anatafuna au anafyonza. Matundu na kingo zilizoliwa ni kazi ya viwavi, panzi na mbawakavu. Jani lililojikunja, lililopauka au linalonata ukilishika limefyonzwa na vidukari, nzi weupe au vidugamba. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu dawa inayomwua kiwavi baada ya kula jani haimdhuru kidukari anayenyonya utomvu ndani ya mshipa.

Vidukari ndio wanaowakatisha watu tamaa kuliko wote. Majike huweza kuzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai, na kukiwa na joto watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina la pilipili, wafuate kwa macho hadi juu, kwenye vichipukizi laini. Hapo utawakuta vidukari wamesongamana, na sisimizi wakiwapapasa ili watoe majimaji matamu. Kwa ajili ya utamu huo, sisimizi huwafukuza wadudu wanaokula vidukari. Kwa hiyo zuia sisimizi kwanza: funga ukanda wa karatasi kwenye shina, upake grisi juu ya karatasi, si kwenye gome lenyewe.

Kisha tumia maji. Shikilia tawi kwa mkono mmoja usilivunje, piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Vidukari wengi wanaoanguka hawarudi tena juu. Wakibaki wengi, changanya vijiko vidogo viwili vya sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia iache, inaunguza majani. Jaribu kwenye majani mawili matatu, usubiri hadi kesho yake; yakiwa salama, nyunyiza mmea wote jioni. Sabuni humwua yule tu iliyemlowesha, na ikikauka nguvu yake imekwisha, kwa hiyo kunyunyiza juu ya majani peke yake ni kupoteza muda. Rudia baada ya siku 5 hadi 7.

Lakini kabla ya kunyunyiza, tazama tena katikati ya hao vidukari. Ukiona kijidudu cheusi chenye mabaka ya rangi ya chungwa, mwili mrefu kama mamba mdogo, tafadhali usikiue. Huyo ni mtoto wa yule mdudu wa duara mwenye gamba jekundu na madoa meusi, na anakula vidukari mchana kutwa. Inaniuma sana kuona watu wakimsagasaga wakidhani ndiye adui. Ukiona pia vidukari waliovimba, wamekauka na kuwa rangi ya udongo, wengine wana tundu dogo mgongoni, nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari wameshaanza kazi. Tawi hilo liache kabisa.

Viwavi waokote kwa mkono, na mayai yaliyobandikwa chini ya majani yapondeponde. Wakizidi, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis inawafaa, hasa wakiwa bado wadogo. Miche ikikutwa asubuhi imekatwa usawa wa ardhi, fukua kwa kidole kuizunguka. Sota, yule kiwavi anayekata miche, yumo humo, amejikunja. Miche iliyobaki izungushie karatasi ngumu, iingie ardhini sentimita 2 au 3.

Mwarobaini unastahili sifa zake, ila haufanyi kazi papo hapo: humpunguzia mdudu hamu ya kula na humzuia kujivua gamba akue. Twanga kiini cha mbegu, loweka gramu 50 katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni kwa kuwa jua huidhoofisha.

Punguza pia mbolea ya naitrojeni, maana majani laini yaliyonona huwavuta vidukari. Na ukilazimika kutumia dawa ya viwandani, usinyunyize maua yaliyochanua ambayo nyuki wanayatembelea, na uhesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla hujachuma hata tunda moja.